Geji zinawaka, injini inakufa!

KUNA jambo moja linanikera hapa mjini na leo nalisema, atakayenuna anune. Vijana tunapenda geji. Zile saa ndogo za duara zinazobandikwa juu ya dashibodi au kwenye nguzo ya kioo cha mbele. Usiku zinawaka bluu, nyekundu, kijani, gari inakuwa kama ndege inataka kuruka. Mrembo akipanda anauliza, "Hii ya nini?" Nawe unakohoa kidogo, unamjibu, "Hiyo ya presha." Presha ya nini? Hapo unabadilisha mada na kuongeza sauti ya redio.

Simcheki mtu, mpenzi msomaji. Mimi mwenyewe nilikuwa kinara wa mchezo huo. Na ubishoo wangu ndio ulioiua injini ya kaka yangu, gari iliyokuwa inalisha nyumba nzima. Ndiyo maana leo naandika. Kaa kitako, soma, halafu nenda kaangalie geji zako.

TATU KWA MPIGO

Kaka ndiye mkubwa kwetu. Alikuwa na teksi, Corolla 110, ile ya injini ya 5A. Kutoka kwenye usukani ule ilitoka kodi ya nyumba, zilitoka dawa za presha za bi mkubwa, na ilitoka ada ya mdogo wetu wa kike aliyekuwa kidato cha tatu shule ya kulipia. Mimi nilikuwa nimemaliza fomu foo, matokeo si ya kusimulia, kazi yangu kuosha gari jioni na kukaa kijiweni.

Huko kijiweni ndiko nilikoambukizwa ugonjwa wa geji. Nikamganda kaka kama luba. "Kaka, gari ikipendeza abiria wanaigombea." Alikataa, nikarudia, akakataa, nikarudia. Mwishowe akatoa hela kwa shingo upande. Nikanunua tatu kwa mpigo: ya joto la maji, ya presha ya oili na ya volti. Fundi mmoja, jina lake na mtaa wake naviweka kapuni, akazifunga kwa muda wa soda mbili. Tukawasha swichi, mishale ikaruka mpaka mwisho, ikarudi. Ebwana ee! Nilipiga kelele mtaa mzima ukasikia.

Baada ya mbwembwe ile, mshale wa volti ulisimama kwenye 14. Ile miwili mingine ikalala chini kabisa, ikatulia. Na sisi, kwa akili zetu, tukadhani kulala ndiko kuwa mzima. Joto liko chini, si ndiyo vizuri? Hakuna aliyejiuliza inakuwaje presha ya oili iwe sifuri na injini inanguruma.

SIKU YA SIKU

Ilikuwa Ijumaa, jua la saa nane, foleni kutoka Ubungo kwenda Kimara haisogei. Kaka kabeba abiria wa Mbezi. Hosi ya chini ya rejeta ikapasuka na maji yakamwagika barabarani. Nani angeona, watu wamebanana bampa kwa bampa?

Sasa sikiliza maajabu. Mshale wa kiwandani ulipanda kidogo, halafu ukashuka. Kaka akafurahi, akadhani gari imepoa kwa sababu foleni ilianza kutembea. Kumbe ulishuka kwa sababu maji yalikuwa yamekwisha. Sensa ya joto (si ile ya kuhesabu watu, ni kile kidude cha kupima) imetengenezwa ikae ndani ya maji. Maji yakikauka inabaki hewani, inakosa cha kupima, inadanganya. Huku juu inasema shwari, huku chini chuma kinaungua.

Kilometa chache mbele gari ikaanza kukosa nguvu, ikatoa harufu ya kuungua, ikazima. Haikuwaka tena. Injini ile bloki yake ni chuma, lakini hedi ni aluminiamu, na aluminiamu ikizidiwa na joto inapinda kama bati. Hedi ilipinda, gasketi ikaungua, pistoni zikakwaruza. Kwa lugha ya mtaani, imenoki.

Kaka hakunifokea. Alirudi na daladala, akaingia ndani, akalala na viatu. Afadhali angenifokea. Gari ilikaa juu ya mawe miezi miwili, na mdogo wetu alikaa nyumbani wiki tatu kwa sababu ya ada. Kila asubuhi nikimwona anafua sare asizozivaa, nilitamani ardhi ipasuke.

"KAKUUZIA TAA"

Tulipopata injini nyingine, iliyotumika, ya mkopo wa ukoo mzima, nilizibeba zile geji mpaka kwa mzee mmoja Gerezani, fundi umeme wa magari tangu enzi za Datsun na Peugeot 504.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Hizi nani kakufungia?"

Nikamweleza. Akazigeuza nyuma, akafuata waya kwa kidole, akaguna. Akaniuliza sensa ziko wapi. Nikasema sijui. Akanituma buti. Nikazikuta chini ya spea tairi, bado zimo ndani ya nailoni zake, hazijaguswa. Yule fundi alikuwa ameunganisha waya za umeme na za taa tu. Ya volti ilifanya kazi kwa sababu inapima umeme uleule unaoiwasha, haihitaji sensa. Zile mbili zilikuwa hazijui lolote linalotokea chini ya boneti.

"Mwanangu," mzee akasema, "huyu hakukufungia geji. Kakuuzia taa."

Nilimwomba nishinde pale nijifunze. Akakubali, ila nimfagilie na kumletea chai. Hiki ninachokupa hapa chini ni shule ya Gerezani.

MSHALE WA KIWANDANI NI MPOLE MNO

Utauliza, kwani gari haina geji zake? Inazo. Tatizo ni kwamba zimefundishwa adabu kupita kiasi. Mwenye kiwanda anatujua madereva, mshale ukicheza kidogo tunakimbilia gereji kulalamika. Kwa hiyo ule wa joto umetengenezwa ukae katikati. Kwa magari mengi, maji yakiwa nyuzi 80 au yakiwa 100, mshale uko palepale umetulia tuli. Ukianza kuuona unapanda, maji ya shingo. Na magari mengi madogo ya Japani ya miaka ya 2000 kuja huku hayana hata huo mshale: kuna taa ya bluu injini ikiwa baridi na taa nyekundu ikichemka, basi.

Oili nayo ni hivyo hivyo. Ile taa nyekundu yenye picha ya birika wengi wanadhani inaonyesha oili imepungua. Hapana. Inaonyesha presha ya oili, na inawaka presha ikishashuka hadi kama psi 4 au 7. Psi ni ileile unayoulizwa ukijaza upepo kwenye tairi. Yaani taa inakuita msibani, haikuiti hospitali.

SI MCHEZO WA JUZI

Wapo wanaodhani kuongeza geji kumeanza na sinema ya The Fast and the Furious iliyotoka mwaka 2001. Kweli sinema ile ilitupagawisha vijana wengi, lakini mambo haya ni ya mababu. Mwaka 1849 Mfaransa Eugène Bourdon alipata hataza ya bomba jembamba lililopindwa kama mundu. Presha ikiingia linajinyoosha, linasukuma mshale. Mpaka leo geji nyingi za presha zisizotumia umeme zinafanya kazi kwa ujanja huo.

Magari ya mwanzo yalikuwa hayana geji ya joto kabisa. Mmarekani Harrison Boyce akaja na MotoMeter yake: kipimajoto kinachokaa juu ya kifuniko cha rejeta, nje, mbele ya pua ya gari, dereva anakisoma kupitia kioo. Kwa hiyo geji ya kuongeza ilitangulia ile ya ndani. Na ilipendwa kwa sababu mbili zilezile za leo, kuokoa injini na kuringishia majirani.

JIULIZE UNATAKA KUJUA NINI

Kosa la kwanza la vijana ni kuchagua geji kwa rangi ya taa. Kijiweni kwetu kuna mshikaji ana Corolla haina turbo, lakini kafunga geji ya bosti. Tangu aifunge, mshale haujavuka sifuri, na hautavuka mpaka Yesu arudi. Bosti ni presha ya hewa inayosukumwa na turbo. Huna turbo, huna bosti. Tulimcheka mpaka akahama kijiwe.

Lakini mzee wa Gerezani alipoisikia hadithi hiyo hakucheka. Alisema upande wa chini ya sifuri wa geji ile unapima uvutaji wa hewa wa injini, na hicho ni kipimo cha maana sana kwa fundi. Hapa Dar, kwenye usawa wa bahari, injini nzima ikinguruma bila kukanyagwa mafuta inavuta kama inchi 17 hadi 21 za zebaki, na mshale unatulia. Ukitetemeka au ukiwa chini sana, kuna hewa inavuja, au valvu, au taiming. Mshikaji alikuwa na daktari dashibodini, hakujua kumuuliza.

Basi, wewe mwenye gari ya kawaida, mpangilio ni huu. Ya kwanza ni joto la maji. Ya pili ni presha ya oili. Ya tatu ni volti. Bosti ni ya wenye Chaser au Mark II za Tourer V, Subaru za turbo na jamaa zao. Ukubwa uliozoeleka ni milimita 52, wenye kupenda makubwa wapo wa 60. Pima nafasi kabla ya kutoa hela.

Kuna na njia ya mkato. Kidude cha kuchomeka kwenye tundu la uchunguzi chini ya usukani, kinaongea na simu yako na kukuonyesha joto la maji ambalo kompyuta ya gari inaliona. Kwa gari za karibuni ni kitu kizuri. Ila kina mipaka. Gari nyingi za Japani za miaka ya 1990 zina tundu lakini halizungumzi lugha ya vidude hivyo. Pia presha ya oili kwa kawaida hutaiona, kwa sababu gari nyingi zina swichi ya taa tu, hazina kipimo.

KUFUNGA KWENYEWE

Toa kwanza waya wa hasi wa betri. Mtu akikwambia hakuna haja, badilisha fundi.

Geji ya maji: sensa inataka iguse maji ya moto yanayotoka kwenye injini. Njia rahisi ni kipande cha bomba la aluminiamu chenye tundu la sensa, unakata hosi ya juu ya rejeta, unakiingiza katikati, unakaza na klipu pande mbili. Sasa hapa ndipo wengi wanapochemka. Sensa nyingi za waya mmoja zinapata hasi yake kupitia chuma zilipofungwa. Lakini kipande kile kimezungukwa na raba pande zote, na raba haipitishi umeme. Kwa hiyo lazima uvute waya wa hasi kutoka kwenye kile kipande mpaka kwenye bodi. Usipofanya hivyo mshale utalala kama wa kaka yangu. Ukimaliza jaza maji na kulanti, washa injini, toa hewa yote. Hewa ikibaki ndani, umejitengenezea tatizo lilelile ulilokuwa unalikimbia.

Geji ya oili: unafungua swichi ya taa ya oili, unaweka tii kama ya mabomba ya maji, halafu unafunga swichi ya zamani upande mmoja na sensa mpya upande mwingine. Usiitupe ile ya zamani, taa nyekundu ni shahidi wa pili. Angalia sana meno ya nati. Wajapani wanatumia meno 28 kwa inchi, geji nyingi za Kimarekani zina meno 27. Kwa macho huoni tofauti, na mwanzoni inaingia vizuri. Ukiilazimisha unapasua tundu, oili inamwagika yote ukiwa barabarani. Tafuta kiungo sahihi. Na kwa vile sensa nyingi za oili ni nzito, ikining'inia kwenye tii huku injini inatikisika, tii inaweza kukatika. Wajuzi wanaweka hosi fupi ya oili na kuifunga sensa kwenye bodi, nayo wanaivutia hasi yake.

Ile tepu nyeupe ya mafundi bomba itumie kwa uchache, au usitumie kabisa kama maelekezo yanakataza. Ukiizungusha kama bandeji, sensa inakosa hasi.

Wapo wanaouza geji za oili zisizo za umeme, ambazo bomba jembamba linaleta oili yenyewe mpaka nyuma ya geji. Zinasoma vizuri, lakini bomba lile likipasuka unapata oili ya moto magotini. Na geji ya presha ya petroli ya aina hiyo usiilete ndani ya gari hata kwa bunduki. Petroli na abiria havikai chumba kimoja.

Waya: zipitishe kwenye tundu lenye raba katika ukuta wa chuma ulio kati ya injini na miguu yako. Ukizipitisha kwenye bati tupu, bati litazikata taratibu mpaka siku zitakapogusana ukaona moshi. Zikae mbali na ekzosi. Nyuma ya geji kwa kawaida kuna wa chanya unaowaka na swichi, wa hasi, wa taa za usiku, na wa sensa. Rangi zinatofautiana kwa kila mtengenezaji, kwa hiyo soma karatasi iliyokuja nazo, usimsikilize wa kijiweni. Chanya ipite kwenye fyuzi yake ndogo, isizidi ampia 5. Wa taa za usiku unganisha na taa za dashibodi, ili ukiwasha taa geji zipunguze ukali. Taa kali ya bluu usoni saa sita usiku inakuficha mwenda kwa miguu.

Mahali pa kuweka: usizibandike juu ya kifuniko cha eabegi, popote palipoandikwa SRS. Siku eabegi ikifumuka, geji inageuka risasi. Kwenye nguzo ya kioo nako angalia, magari mengi ya sasa yana eabegi za pembeni zinazopita humo. Waya za manjano za eabegi usizikate, usizipime, usizisogelee. Na ujanja mmoja wa madereva wa mashindano: zungusha geji ndani ya kibao chake mpaka hali ya kawaida iwe mshale unaangalia juu. Ukitupa jicho mara moja tu, mshale wowote ulioinama unauona.

NAMBA ZA KUWEKA KICHWANI

Maji: injini ikishapata moto, nyuzi 85 hadi 95 ni raha, kwenye foleni inaweza kusogea kidogo. Ikivuka 105 acha maongezi. Ikifika 110 simama.

Ukiona kwenye barabara ya wazi joto linashuka mpaka 60, muulize fundi wako kama alitoa thamostati. Hii ni tabia yetu Waswahili, eti nchi ya joto haihitaji thamostati. Inahitaji. Bila hiyo injini inakimbia baridi, kompyuta inadhani ndiyo kwanza asubuhi, inamwaga petroli ya ziada. Unalipia wewe.

Oili: kanuni ya mafundi ni kama psi 10 kwa kila mizunguko 1,000. Injini ya moto kwenye mizunguko 3,000 ikupe 30 au zaidi. Asubuhi ikiwa baridi itapanda juu sana, usishtuke, oili bado nzito. Cha kuangalia zaidi ni mazoea ya gari yako. Ikiwa kila siku inasoma 45 na leo inasoma 25 mahali palepale, kuna jambo.

Volti: injini imezimwa, betri nzima ni kama 12.6. Injini inawaka, kati ya 13.5 na 14.5. Ikikaa chini ya 13, oltaneta inaumwa, tafuta fundi kabla hujalala njiani. Ikivuka 15, betri inapikwa.

Na joto likianza kupanda, fanya hivi: zima AC, fungua hita mpaka mwisho. Ndiyo, hita, nchi hii hii. Ni rejeta ndogo ya pili, inatoa joto kwenye injini na kukuletea wewe. Utatoka jasho lakini injini itapata nafuu. Isiposhuka, weka pembeni, zima. Kifuniko cha rejeta usikiguse kwa nusu saa au zaidi, watu wameungua nyuso. Wala usiimwagie injini ya moto maji ya baridi ya dukani.

USIKU ULE KIBAHA

Tulizifunga zile geji tatu upya, mimi na mzee, siku nzima kuanzia asubuhi mpaka adhana ya magharibi. Kaka alizitazama kama mtu anayemtazama mwizi aliyetoka jela. Hakusema kitu.

Miezi kadhaa baadaye alipata abiria wa Morogoro. Nikamsindikiza. Kufika Kibaha usiku tukakuta foleni, lori limelala barabarani. Tukasimama, AC inapuliza, abiria kalala nyuma. Nikawa naangalia mshale wa maji. 92. 96. 99. Ule wa kiwandani uko katikati, hauna habari. 101. Nikamwambia kaka. Akaangalia, akanyamaza. 104.

Alizima AC, akafungua hita, akatoka kwenye foleni mpaka pembeni, akazima injini. Abiria akaamka, akaanza kulalamika kwamba anachelewa na jasho linamtoka. Kaka akamwomba radhi, akafungua boneti. Feni ilikuwa haizunguki. Fyuzi yake ilikuwa imeungua. Gari ikitembea hujui, upepo unaingia wenyewe, ni kwenye kusimama ndipo siri inapotoka. Tulingoja ipoe, tukachomoa fyuzi ya taa za ukungu zenye ukubwa uleule, tukaichomeka pale, tukawasha na kusubiri. Joto likafika 96, feni ikavuma. Sijawahi kusikia muziki mtamu kama ule.

Hatukuishia hapo, maana fyuzi haiungui bure. Kesho yake mzee wa Gerezani aliikuta mota ya feni imeanza kukaza, inavuta umeme mwingi. Tukabadilisha.

Kaka mpaka leo hajawahi kunisemesha habari ya injini ya kwanza. Lakini tangu usiku ule kila akikaa kwenye usukani, kabla ya mkanda, anawasha swichi na kuzisubiri geji zake ziruke na kurudi. Mdogo wetu alimaliza kidato cha nne kwa gari ileile.

Sasa wewe msomaji wangu mwenye geji zinazometameta, leo jioni fanya kitu kimoja. Washa injini ya baridi, kaa nayo dakika kumi. Mshale wa maji upande taratibu. Mshale wa oili uruke mara injini inapowaka, halafu ushuke kidogo kadiri oili inavyopata moto. Usipoona hivyo, fungua buti, tazama chini ya spea tairi. Unaweza kukuta vidude viwili ndani ya nailoni.

Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa.